Watoto wa Ndizi: Makemba ya Nyuma ya Nyumba Kisangani

Ukiingia katika parsele ya watu wa hapa Kisangani, iwe Mangobo, Kabondo au ng'ambo ya mto kule Lubunga, usiishie barazani kwenye viti. Zunguka nyuma ya nyumba, karibu na jikoni, pale wanapomwaga majivu na maganda ya mihogo. Utakuta ndizi. Ukimwuliza mwenye parsele ni ndizi gani, atakujibu kwanza, "Ni makemba tu." Usikubali jibu hilo, rudia swali. Hapo ataanza kutaja: hii ni Libanga Likale, hii Litete, ile yenye shina jeusi ililetwa na mama mkwe toka Isangi, na ile ya pembeni, "ile, miye mwenyewe sijue jina, lakini tunaipenda".

Tukisema neno mila, mawazo yanakimbia upande wa ngoma, tohara, mahari, na mitego ya Wagenia pale kwenye maporomoko. Ndizi hazimo. Ni chakula, basi. Lakini mimi naona kwamba kazi ya kukusanya aina za ndizi, kuzipa majina, kuzitunza na kuzigawa ni moja ya mila kubwa za watu wa msitu huu, na sehemu kubwa imefanywa na bamama zetu bila kuandikwa mahali popote. Na leo mila hii imefika penye hatari ambayo wazee hawakuijua, kwa sababu inapita katika ukarimu wao wenyewe.

Tupatane kwanza juu ya maneno. Watu wa pwani wanatenga mgomba na ndizi. Siye tunasema ndizi kwa mti na kwa tunda. Kilingala kinatenga makemba, yaani zile za kupika, na bitabe, zile za kula zikiiva. Maandishi haya ni juu ya makemba. Kiswahili cha hapa kilifika na watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru la Kongo. Waungwana walileta mpunga, walileta lugha, ila makemba waliyakuta. Stanley alipopita kwa mtumbwi mwaka 1877, mashamba ya ndizi yalikuwa tayari kandokando ya vijiji vya mto. Nadhani ndiyo sababu Kiswahili chetu ni maskini wa majina ya ndizi. Pwani wana mzuzu, wana mkono wa tembo, majina ambayo hayakufika huku. Yetu ni ya Kilokele, ya Kimbole, ya Kikumu, ya Kitopoke, ya Kiturumbu, na mengine yameingia Kilingala, kama Tala Lola, yaani "tazama mbingu". Sokoni tunaongea Kiswahili, lakini ndizi tunaziita kwa lugha ya bibi.

Tena ndizi yenyewe si ya hapa. Wazazi wake wawili wa porini, Musa acuminata na Musa balbisiana, ni wa Asia ya kusini na kusini-mashariki; makemba ni mchanganyiko wao, mafungu mawili ya wa kwanza na fungu moja la wa pili. Nani aliyaleta Afrika na kwa njia gani, wataalamu bado wanabishana. Kule Nkang, nchini Kameruni, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta vijiwe vidogo sana, vile vinavyobaki jani la ndizi likioza, wakasema ni vya miaka 500 hivi kabla ya Kristo. Wengine hawakukubali. Wasilobishana ni kwamba aina nyingi za makemba kuliko mahali popote duniani ziko katika nchi za msitu za Afrika, toka Afrika ya Magharibi mpaka bonde letu la Kongo, na zinapita 100. Asia, kwa wazazi wake, makemba ni machache.

Inakuwaje mgeni azae watoto wa kila namna ugenini kuliko kwao? Hapa ndipo penye siri ya mambo yote.

Makemba hayana mbegu. Ukikata tunda hukuti kitu cha kupanda. Kila mti umetoka pembeni ya mti mwingine, chini ya udongo, na ni mwili uleule wa mama yake. Ndiyo maana tunamwita mtoto wa ndizi. Mwaka 2005 watafiti waliochunguza urithi wa aina mbalimbali za makemba waliandika makala wakionyesha jinsi tofauti walizozikuta ndani yake zilivyokuwa ndogo. Lakini siye tunaziona tofauti kwa macho: shina jeusi, shina jekundu, mkungu mrefu wenye machana mengi, mkungu wa vidole vichache vikubwa kama mkono wa mtu mzima. Zimetoka wapi? Zimetoka kwa kugeuka. Mara mojamoja, katika watoto wengi, mmoja anatoka hafanani na mama. Ukimkata kwa panga wakati wa kupalilia, amekwisha, na hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuwako. Ukimwona, ukamwacha akue, ukaonja, ukampa jina na kumpa jirani, aina mpya imezaliwa. Basi kila jina kati ya yale zaidi ya 100 lina nyuma yake mtu aliyesimama shambani siku moja na kusema: huyu si kama wenzake, tusimkate. Mtu huyo hana jina katika kitabu chochote.

Msomaji asifikiri kwamba tabia hii ni ya kwetu peke yetu. Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya nyuma ya nyumba zao mmea mmoja wa majani unaoitwa hosta. Kwao ni wa kutazamwa tu, majani yake mapana, mengine ya kijani, mengine yenye ukingo mweupe au wa njano, na unapenda kivuli. Asili yake ni Japani, Korea na China, na mmoja wa waliouleta Ulaya ni daktari Mjerumani Philipp Franz von Siebold, aliyekaa Japani toka 1823 mpaka 1829. Nao vilevile hupandwa kwa kugawa shina, nao vilevile hugeuka, chipukizi moja likatoka na rangi nyingine. Anayeliona hulitenga na kulipa jina. Leo majina yamefika maelfu, na toka 1968 kuna chama cha Wamarekani cha wapenzi wa hosta kinachoandikisha majina hayo katika daftari. Mtu wa Lubunga angecheka kusikia kwamba watu wazima wanalipa pesa nyingi kwa jani lisilofungia hata chikwangue. Lakini kazi ni ileile, ila wao wana daftari. Nitarudi kwao baadaye kidogo, kwa sababu wametutangulia katika msiba mmoja.

Daftari la ndizi zetu lilianza kuandikwa Yangambi. Pale, kilometa mia moja hivi kufuata mto toka Kisangani, Wabelgiji walifungua stesheni kubwa ya INEAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi huko mtaalamu kijana, Edmond De Langhe, aliyefanya jambo la busara ambalo wakoloni wengi hawakulifanya: aliuliza wenyeji. Mwaka 1961 alichapisha utafiti juu ya jinsi watu wa Afrika ya ikweta wanavyopanga makemba yao kwa mila. Aliona kwamba mpango wa wanavijiji haukuwa ubabaishaji. Wanaangalia kwanza mkungu, halafu ukubwa wa shina, halafu rangi, na hapo jina linakuja. Wataalamu wa leo bado wanapita njia hiyo. Kundi la kwanza wanaliita French: machana mengi, vidole vya kadiri, na lile ua la zambarau linabaki likining'inia mpaka mkungu unakomaa. Upande mwingine kuna Corne, yaani pembe: machana machache sana, vidole virefu vinene, na ua halipo. Katikati kuna ile wanayoiita pembe ya uongo, ambayo ua lake linaanza halafu linakufa mapema. Bibi yangu hakusoma hata siku moja, lakini ukimletea mkungu, kwanza alikuwa anatazama mwisho wake, pale penye ua. Sasa najua alikuwa anatazama nini.

Kitu kimoja cha Yangambi kilizunguka dunia. Si makemba, ni ndizi tamu ndogo ambayo huku wanaiita Ibota Bota. Kwa sikio la Kilingala ni neno la kuzaa, na kweli inazaa watoto mno. Wataalamu waliipa jina la mahali, Yangambi Km 5. Inavumilia ule ugonjwa wa majani meusi ambao wanauita Sigatoka nyeusi, na inavumilia minyoo ya mizizi. Brazili wanaipanda kwa jina la Caipira. Nimewahi kuwaambia wanafunzi hapa mjini kwamba kuna ndizi inayobeba jina la kilometa ya tano ya Yangambi katika maabara za dunia, wakadhani ninawafanyia mzaha.

Baada ya uhuru INEAC ilikwisha, na INERA ikaundwa mwaka 1970. Stesheni ilibaki na jina kubwa na pesa kidogo. Vita vya 1964 vilipita, matengenezo yakakosa. Shamba la kukusanyia ndizi si maktaba unayoweza kufunga mlango na kurudi baada ya miaka kumi. Usipopalilia misimu miwili, nyasi na msitu vinachukua. Basi nani alitunza aina zile? Jibu liko nyuma ya jikoni.

Wenye mashamba ya msitu wanajua jambo hili: unakata msitu, unachoma, unapanda makemba, mavuno ya kwanza ni mazuri, ya pili ni ya kadiri, halafu ndizi zinachoka, zinaanguka na upepo, unahama. Lakini ndizi ya nyuma ya nyumba inaweza kuzaa miaka ishirini palepale. Sababu si uchawi. Inakula majivu, maganda, mavi ya kuku, maji ya kuoshea vyombo. Udongo wake haukauki na haukosi chakula. Kwa hiyo shamba la msituni ni la soko, na soko linachagua: linataka mkungu unaojaa, unaofungwa vizuri juu ya baiskeli ya toleka au unaovumilia safari ya mtumbwi toka Isangi. Aina yenye vidole vinne haina nafasi hapo. Nyuma ya nyumba ni tofauti. Pale unapanda unachopenda, hata kama kinazaa kidogo, kwa sababu marehemu baba alikipenda, au kwa sababu kinafaa kwa lituma. Ndizi za soko ziko shambani. Zile za ukumbusho ziko jikoni.

Na zilienda jikoni kwa kupewa. Sijapata kuona mtu wa hapa anayeuza mtoto wa ndizi kwa jirani yake. Unapita, unasifu mkungu, mwenyewe anasema, "Kuja na jembe kesho." Bibi yangu alipoolewa alikuja Mangobo na watoto watatu wa ndizi wamefungwa katika majani, toka kwao upande wa Opala. Mmoja ulikuwa Corne ya kweli, shina limekolea wekundu, ambayo kwa miaka yote niliyoijua haikuzaa mkungu wenye vidole zaidi ya kumi. Babu alikuwa anaitania: "Hii yako inazaa kama mzungu." Bibi hakujali. Kila binti yake aliyeolewa alipewa mtoto wa ile Corne, na majirani wengi pia. Juni 2000, siku zile sita ambapo majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya mji wetu na hakuna aliyetoka kwenda sokoni, tulikula ndizi za parsele, mingine mikungu haijakomaa. Bombe moja lilianguka kwa jirani na vipande vikakata ndizi zetu kama panga. Ile Corne ilikatwa pia. Baada ya miezi michache watoto walitoka tena chini. Ndivyo ndizi ilivyo.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watu wa Chuo Kikuu cha Kisangani walianza upya kazi ya daftari. Profesa Dhed'a Djailo, aliyekuwa Leuven kule Ubelgiji na kushiriki katika kazi za mwanzo za kukuza mche mzima wa ndizi toka chembe ndogo ndani ya chupa, na mwenzake Adheka Giria, walipanga kupita vijiji vya nchi, kuomba watoto wa ndizi na kuwapanda pamoja katika shamba moja la chuo. De Langhe mwenyewe, aliyeondoka Yangambi akiwa kijana, alirudi katika kazi hii akiwa mzee, na jina lake liko pamoja na yao katika makala waliyochapisha mwaka 2018 juu ya sura mbalimbali za makemba ya Kongo. Leuven ipo pia akiba ya dunia, iliyofunguliwa mwaka 1985, ambapo aina zaidi ya 1,500 za ndizi zinalindwa ndani ya vichupa, na nyingine katika baridi kali. Ni kazi njema sana. Lakini angalia walikoanzia: walibisha hodi kwa mwenye parsele na kuomba, kama jirani yeyote.

Sasa nifike penye uchungu. Kuna ugonjwa ambao wafaransa wanauita bunchy top kwa Kiingereza, kwa kukosa neno. Ndizi inaacha kurefuka. Majani mapya yanatoka membamba, yamesimama wima na kusongamana juu kama fagio. Kwenye kikonyo unaona mistari ya kijani iliyoiva, kama nukta na vistari vya telegrafu. Mkungu hautoki, au ukitoka unakwama kooni mwa shina. Ni virusi. Vinabebwa na vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaokaa chini ya majani makavu ya shina, lakini safari ndefu vinaifanya ndani ya mtoto wa ndizi aliyetolewa zawadi. Mama akiugua, watoto wote wanao, hata yule anayeonekana mzima. Dawa hakuna, unang'oa shina lote na kisiki chake. Yangambi uliuona katika miaka ya 1950, palepale penye stesheni, na leo uko katika mashamba na parsele za kuzunguka Kisangani. Upande wa Kivu wana msiba mwingine, mnyauko wa bakteria, ulioonekana Masisi mwaka 2001, ambao unapita hasa kwa panga na kwa wadudu wanaotembelea ua. Huo nauacha, wetu unatosha.

Wakusanyaji wa hosta, niliosema nitawarudia, walipatwa na mambo hayohayo. Mwaka 1996 wataalamu wa Minnesota walieleza kirusi cha hosta kinachopita kwa kisu cha kugawia shina. Kumbe kwa miaka watu walikuwa wanauziana mimea yenye majani ya madoa na kuipa majina mazuri, wakidhani ni aina mpya, nayo ni mgonjwa. Yule anayependa kitu kilichogeuka ndiye wa kwanza kukaribisha kilichougua. Siye heri ndizi yetu ikiugua haizai, hatuwezi kuidhania nzuri.

Mabwana shamba wanatuambia: msichukue tena watoto kwa majirani, chukueni miche iliyohakikishwa. Wana haki. Kuna njia ya kukata kisiki cha ndizi nzima na kukiamsha kitoe machipukizi mengi ndani ya pumba za mbao, njia ambayo hapa watu wanaijua kwa jina la PIF, lakini lazima mama yake awe mzima. Ugumu ninaouona ni huu: miche inayotolewa ni ya aina mbili tatu zinazouzika. Hakuna mradi utakaozalisha Corne yenye vidole kumi. Tukiacha kabisa kupeana, ugonjwa utapungua na majina yatapungua pamoja nao. Kwangu mimi kinachowezekana ni kupeana kwa macho: usimpe mtu mtoto wa shina ambalo hujaona mkungu wake ukikomaa vizuri mwaka uleule, osha na menya kisiki mpaka kiwe cheupe, na anayepokea ampande mbali na zake, amtazame miezi kadhaa kabla ya kumsogeza. Na ukiona fagio, ng'oa siku hiyohiyo, usingoje kuona haya.

Naandika hivyo kwa sababu nilingoja. Nilipewa mtoto wa ndizi na rafiki, sitasema nani, naye hakujua. Nikampanda hatua nne toka kwa Corne ya bibi. Nilipoona majani yanasongamana nilijisemea ni kiangazi. Baada ya mwaka nilikuwa nimeng'oa mashina matatu, na la mwisho lilikuwa lile jekundu lililotoka upande wa Opala, lililookoka bombe. Nilichimba kisiki chote, nikakikatakata, nikakiacha kikauke kwenye jua. Shangazi yangu alikuja akasimama pale penye shimo, hakuniambia neno.

Yeye ndiye aliyekumbuka. Bibi alikuwa amempa mtoto wa Corne ile mwanamke mmoja wa Lubunga, waliyekuwa wanaimba naye kwaya, zamani sana. Tulivuka kwa mtumbwi siku ya Jumapili. Yule mama ameshafariki, lakini mkwe wake alituonyesha nyuma ya jikoni shina moja la wekundu uliokolea, majani mapana, bila mistari kwenye vikonyo. "Hii? Hii mama alikataza tuikate," alisema. "Inazaa kidogo lakini alikataza." Hatukuchukua kitu siku hiyo. Tumekubaliana atatuita mkungu utakapotoka, tutazame mwisho wake, pale penye ua.